Bingo, chemsha bongo au vitendawili: mchezo upi kwa jioni ya familia ndani ya magari, kwenye maegesho ya maktaba?

Mwaka 2020, korona ilipofunga milango, maktaba nyingi za Marekani zilibaki na kitu kimoja kilichokuwa wazi: maegesho. Ndipo wakutubi walipoanza kuziita familia jioni, kila moja ikae ndani ya gari lake, redio ifunguliwe, mchezo uchezwe kwa kupitia madirisha. Hofu ya ugonjwa ilipopungua, baadhi ya maktaba hazikuuacha mtindo huo, kwa sababu zilikuwa zimegundua kwamba wazazi wenye watoto wachanga, wazee wasiopenda ngazi na watoto wasioweza kukaa kimya hujisikia huru zaidi garini kuliko ndani ya jengo.

Kwa mtu wa Nairobi aliyewahi kutazama filamu akiwa garini, kwenye sinema ya Fox katika barabara ya Thika au Belle Vue katika barabara ya Mombasa, wazo hili si geni. Gari linageuka sebule. Tofauti ni kwamba kwenye filamu watu hutazama tu, na filamu ikionyeshwa hadharani hudai leseni yake hata kama hakuna aliyelipa kiingilio. Bingo la kadi, maswali mliyotunga wenyewe na vitendawili havina mzigo huo, na hii ndiyo sababu moja kamati nyingi huishia kwenye michezo.

Mimi naishi Kentucky, jimbo lililopokea familia nyingi kutoka Kongo na Burundi, na kwenye tawi letu la maktaba hujitolea kama mshereheshaji wa upande wa Kiswahili. Kila tunapokaa kupanga, swali huwa lilelile: tucheze nini? Tumecheza bingo, tumecheza chemsha bongo kwa kadi za rangi, na tumetega vitendawili kwa honi. Yote matatu yamewahi kufana, na yote yamewahi kutushinda, kutegemea nani alikuwa garini. Kwa hiyo ukinishika mkono uniulize pa kuanzia, nitakwambia: anza na bibi aliyeketi kiti cha nyuma. Muulize mchezo huu unampa nini yeye. Watoto watafurahi kwa vyovyote.

Vigezo nitakavyotumia

Cha kwanza ni sauti. Njia ya kawaida ni transmita ndogo ya FM: mshereheshaji anaongea, magari yanasikia kwenye redio zao. Sheria ya mawasiliano ya Marekani inaruhusu transmita isiyo na leseni ikiwa nguvu yake ni ndogo sana, kiasi cha kufika takriban mita 60 tu. Kwa maegesho ya maktaba ya mtaa zinatosha, lakini si kwa uwanja wa mpira. Tafuta masafa matupu, kisha tembea na redio ya mkononi hadi gari la mwisho litakapokaa, usikilize. Fanya hivyo saa ileile ya jioni ambayo tukio litafanyika, si asubuhi. Na kumbuka kwamba redio ya gari inakula betri. Wambie watu wafungue swichi bila kuwasha injini, na uwe na waya za kubusti betri. Magari mengine mapya huzima redio yenyewe baada ya muda, kwa hiyo redio tatu nne za betri kavu za kuazimisha zitakuokoa.

Cha pili ni lugha: je, mchezo unahitaji Kiingereza, Kiswahili, vyote, au hauhitaji chochote? Cha tatu ni umri: mtoto wa miaka 4 na babu wa miaka 70 wanaweza kucheza pamoja? Cha nne ni vifaa na watu wa kusaidia, na cha tano ni kile ambacho kamati nyingi hukisahau, yaani familia isiyo na gari.

Hiki cha tano nakisema kabla ya michezo yenyewe kwa sababu hakitegemei mchezo. Familia nyingi ninazozijua zina gari moja, na saa kumi na mbili jioni gari hilo liko na baba ghalani, zamu ya usiku. Ukiandika kwenye tangazo "njooni na magari yenu", umeshamfungia nje mama na watoto wake wanne wanaokaa hatua mia mbili kutoka maktaba. Sisi tulitenga nafasi sita za maegesho zilizo karibu na mlango, tukaziwekea koni pande zote ili gari lisiingie kwa bahati mbaya, na kila nafasi ikapewa viti viwili na redio ya mkononi. Kwenye tangazo tukaandika: "Huna gari? Njoo na mkeka." Nafasi ya kawaida ya kuegesha huku ina upana wa karibu mita 2.7 na urefu wa mita 5.5. Mkeka unaenea, na nafasi ya miguu ya watoto inabaki.

Bingo

Bingo la Kimarekani lina nambari 75. Kadi ina safu tano, kila safu na herufi yake: B ni 1 hadi 15, I ni 16 hadi 30, N ni 31 hadi 45, G ni 46 hadi 60, O ni 61 hadi 75. Mraba wa katikati ni wa bure, kwa hiyo mchezaji ana nambari 24. Waliozoea la Uingereza, lenye nambari 90, waelezeni mapema.

*Sauti.* Hapa ndipo bingo linapohitaji redio safi kuliko michezo mingine. Nambari moja ikipotea, mtu amepoteza ushindi, na mtoto hawezi kusamehe hilo. Mshindi, yaani wa kwanza kujaza mstari mzima wa kadi, hupiga honi mara moja. Kama maktaba imezungukwa na nyumba, badala ya honi wawashe taa za dharura, maana majirani wana watoto waliolala.

*Lugha.* Kwa mbali bingo linaonekana mchezo usio na lugha, maana ni nambari tu. Mimi niliamini hivyo hadi jioni niliyoita "G, arobaini na saba" na dirisha la gari la tatu likashuka. Mama mmoja wa Bukavu, kitambaa kichwani, kadi imelala kwenye goti, akaniuliza: "Mwanangu, unasema ngapi?" Kabla sijajibu, mjukuu wake alishamgeukia: "Makumi ine na saba." Mama akacheka, akaweka alama. Waswahili tunahesabu kwa namna zaidi ya moja, na wengi waliosoma Kongo huhesabu haraka zaidi kwa Kifaransa. Tangu siku ile, kila nambari inayoitwa inaandikwa pia kwa tarakimu kubwa kwenye ubao mweupe uliosimamishwa juu ya meza chini ya taa. Jicho linamaliza ubishi.

*Umri.* Hapa ndipo bingo linaposhinda michezo yote. Halitaki elimu, halitaki wepesi. Mtoto anayejua kusoma 1 hadi 75 anaweza kumshinda mwalimu wa chuo. Lakini lina upungufu wake ambao sikuuona hadi nilipopita kati ya magari: ndani kuna kimya. Kila mmoja anaangalia kadi yake, na dakika ishirini zinapita familia haijasemezana. Dawa tuliyoipata ni kutoa kadi mbili tu kwa gari zima badala ya kadi kwa kila mtu. Hapo wanalazimika kugombania kalamu, kuonyeshana, kuongea.

*Vifaa na watu.* Kadi, kalamu, nambari za kuchomoa, ubao. Usitumie maharage wala punje za mahindi kuweka alama kama tulivyozoea nyumbani, kwa kuwa gari likitikiswa na mtoto mmoja, maharage yote yanashuka chini ya viti. Kadi zilizofunikwa plastiki na kalamu ya kufutika zinatumika msimu mzima. Watu watatu wanatosha: mmoja anaita, mmoja anaandika ubaoni, mmoja anahakiki kadi ya mshindi dirishani. Ukiita nambari moja kila sekunde 20, kwa lugha mbili, nambari zote 75 zingekwisha kwa dakika 25, na kwa kawaida mshindi anapatikana mapema zaidi.

Kuna suala la kamari, na lisirukwe. Kwa majimbo ya Marekani, bingo la kulipia kiingilio na kushinda kwa bahati linaingia kwenye sheria za michezo ya kubahatisha, na kila jimbo lina masharti yake. Kwa hiyo liwe bure kabisa, na uongozi wa maktaba uridhie kwa maandishi. Upande wa dini nao una uzito. Zipo familia za Kiislamu zinazoona kwamba bila dau hakuna kamari, na zipo zinazokaa mbali na jina lenyewe. Zote mbili ni jirani zetu. Uliza wazee kabla ya kuchapa matangazo, si baada.

*Linamfaa nani?* Umati mchanganyiko, watu wasiofahamiana, lugha tatu nne kwenye maegesho mamoja, na kamati ambayo haijawahi kuandaa tukio lolote.

Chemsha bongo

Maswali kumi na tano, raundi tatu, kila gari ni timu.

*Sauti.* Ikikatika kidogo si balaa, maana swali hurudiwa. Unaweza hata kutumia spika mbili bila redio kama magari hayazidi kumi na tano.

*Lugha.* Kila swali lisomwe kwa Kiingereza na Kiswahili, na hilo linaongeza muda maradufu. Kamati yetu ilipojaribu kuokoa muda kwa kusoma Kiingereza tu, watoto wakawa wakalimani wa wazazi wao jioni nzima. Mtoto amechoka na mzazi amenyamaza. Bora maswali machache. Kwa upande mwingine, chemsha bongo ina nguvu ambayo bingo halina: unaweza kuchagua maswali ambayo jibu lake analo bibi. Bao la Kiswahili lina kete ngapi? Watoto waliozaliwa huku hukisia 20, hukisia 100. Mzee aliyelicheza barazani anajibu bila kufikiri: 64. Mchezaji anaanza na ngapi mkononi? 22. Gari zima linageuka kumtazama, na nimeona mvulana wa miaka 13 akimpa babu yake kadi za majibu azishike yeye kuanzia swali hilo hadi mwisho.

Maswali yaandikwe kwa uangalifu wa mtu anayejua atabishiwa. Tuliwahi kuuliza "Ziwa gani kubwa kuliko yote Afrika?" Magari ya Kisumu na Mwanza yakasema Viktoria, magari ya Uvira na Kigoma yakasema Tanganyika, na kila upande ulikuwa na haki, kwa sababu Viktoria ni kubwa kwa eneo, ilhali Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470 na maji mengi zaidi. Kosa lilikuwa neno "kubwa". Siku hizi kila swali linatoka kwenye kitabu kilichopo rafuni, na kitabu chenyewe kinakuwa mezani, ukurasa umewekewa alama.

*Umri.* Wadogo wanaachwa nyuma usipowatengea raundi yao. Raundi ya kwanza iwe ya wanyama na rangi, ya pili ya watu wazima, ya tatu mchanganyiko.

*Vifaa na watu.* Kuna njia mbili. Ya simu, kwa programu kama Kahoot, ambapo wachezaji hujibu kwa kugusa rangi na alama zinajihesabu zenyewe. Inapendeza vijana, inaokoa watu wa kuhesabu, na waifai ya maktaba mara nyingi hufika nje. Lakini huko pointi nyingi humwendea aliyejibu haraka, na haraka humpendelea mwenye simu nzuri na kidole chepesi, na tena kioo cha kuonyeshea maswali hakionekani kutoka kiti cha nyuma. Njia ya pili ni kadi tatu kwa kila gari, nyekundu, njano na kijani. Swali linasomwa, wanahesabiwa hadi kumi, kadi moja inatolewa dirishani. Inahitaji mtu mmoja wa kuandika alama kwa kila magari matano, kwa hiyo magari ishirini ni watu wanne, na msomaji ni wa tano. Naipenda hii ya pili. Mkono mdogo ukitoka dirishani na kadi ya kijani, huku mwingine ndani unaivuta kwa sababu umeamini ni njano, unajua familia hiyo inazungumza.

*Inawafaa nani?* Maktaba yenye wajitoleaji wa kutosha, familia zenye watoto wa shule, na tukio linalotaka kuonyesha vitabu vyake.

Vitendawili

Hapa hakuna la kununua. Mtegaji anashika kipaza sauti, anaita "Kitendawili!" na badala ya kujibu "Tega!" kwa mdomo, magari yote yanapiga honi mara moja fupi. Anayejua jibu anawasha taa. Wakishindwa wote, mtegaji anadai: "Nipeni mji!" Gari lililochaguliwa linampa mji, anaukubali, anasimulia alivyofika huko na alichokikuta, ndipo anafumbua.

*Sauti.* Mchezo unaishi kwa majibizano, kwa hiyo redio peke yake haitoshi. Lazima mtu mwingine apite na kipaza sauti cha pili kwenye madirisha, ili jibu la gari la nyuma lisikike na la mbele.

*Lugha.* Huu ni mchezo wa Kiswahili, na jirani asiyekijua atakaa nje yake. Vitendawili vinavyovuka lugha vipo: nyumba yangu haina mlango, yaani yai, kila niendapo ananifuata, yaani kivuli. Hivyo vinafasiriwa na mtoto wa Kimarekani anacheka vilevile. Vile vinavyosimama juu ya mlio wa neno la Kiswahili haviwezi kufasiriwa, na kuvilazimisha kunaua utamu. Ukitaka kuwaalika wote, panga dakika kumi na tano tu.

*Umri.* Wazee ndio wafalme. "Kuku wangu katagia mwibani," na kabla neno halijakauka bibi ameshasema nanasi. Watoto hujifunza upesi kuliko unavyodhani, na wiki inayofuata wanakuja na vya kwao walivyovitunga kuhusu tableti na basi la shule.

Sehemu ya mji ndiyo iliyonishika. Jioni moja mtegaji alimwomba mji msichana wa miaka kama tisa hivi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka katika zile nafasi sita. Nilitegemea aseme Lexington ya hapa Kentucky, au Mombasa aliyoisikia kwa waliomtangulia. Akasema: "Chukua Nyarugusu." Ni kambi ya wakimbizi kule Kigoma, ndiko alikozaliwa. Kwenye magari mawili matatu nikasikia watu wazima wakiitikia kwa sauti ya chini. Mtegaji, mzee mwenye adabu, akaipokea kama alivyopokea Bukavu na Tanga: "Nimeenda Nyarugusu, nimekuta watu wazuri, wamenikaribisha ugali na samaki, wamenipa salamu zako." Kisha akafumbua. Bingo haliwezi kuleta dakika kama ile, wala chemsha bongo.

*Vifaa na watu.* Vipaza sauti viwili, na mtegaji mwenye kipaji. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu anayejua vitendawili hamsini lakini hana mwendo wa kutega atakuharibia jioni. Msikilize kwanza kwenye sherehe au barazani.

*Vinamfaa nani?* Usiku wa jamii moja, familia zenye wazee, na maktaba inayotaka watoto wasikie Kiswahili nje ya jikoni.

Uchague vipi basi

Kama ni mara ya kwanza na hamjui nani atakuja, chezeni bingo la bure, magari ishirini, dakika arobaini, mfunge. Mtajifunza mengi kuhusu redio na foleni ya kuingilia kuliko kwenye kikao chochote. Acheni nafasi moja wazi kati ya gari na gari ili milango ifunguke, na magari marefu yakae nyuma.

Kama wazee wa msikitini au kanisani wana shaka na bingo, msibishane nao. Nendeni moja kwa moja kwenye kadi za rangi.

Kama mna wajitoleaji wawili tu, chemsha bongo ya kadi itawashinda. Tumieni ya simu, au bingo, anayeandika ubaoni ahakiki na kadi. Na kama waifai haifiki nje, simu ziondoeni kwenye hesabu.

Kama walioalikwa ni Waswahili watupu, na mna mtegaji, anzeni na vitendawili hata kabla magari hayajamaliza kuingia. Waliochelewa watasikia honi wakiwa barabarani.

Kama ni kiangazi, msianze kabla ya jua kuzama, mchezo wowote ule. Gari lililofungwa madirisha linapata joto la hatari kwa mtoto kwa dakika chache. Vyoo vya maktaba vibaki wazi, na mtu asimame mlangoni.

Kwa wasomaji walio Dar es Salaam, Mombasa au Kigali wanaofikiria kufanya hivi kwenye maktaba zao, geuzeni hesabu: mikeka iwe mingi na magari machache pembeni. Bao nalo liingie hapo, maana haliwezi kuchezwa kutoka gari hadi gari lakini juu ya mkeka liko nyumbani.

Na kama mna saa nzima na hamwezi kuamua, sisi hufanya hivi: bingo dakika ishirini na tano, raundi mbili za maswali, kisha vitendawili wakati magari yanajiandaa kutoka. Kwenye njia ya kutokea huwa tumesimamisha toroli la vitabu, vile vilivyotoa maswali vikiwa mbele. Mkutubi anachukua kadi ya maktaba dirishani na kuandikisha kitabu papo hapo, na wasio na kadi wanaandikishwa kesho yake. Koni za zile nafasi sita huondolewa mwisho kabisa, baada ya mkeka wa mwisho kukunjwa.